Msitu wa Fontainebleau na historia ya taifa la Ufaransa: nani aliyeufanya ubaki?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum nyote.

Ninasomesha historia kidato cha tano hapa Wete, na muhula huu tumefika kwenye Mapinduzi ya Ufaransa. Mada hii huwachosha wanafunzi kwa sababu huifikia ikiwa ni orodha ya majina na miaka: Bastille 1789, kuuawa kwa mfalme Louis wa 16 mwaka 1793, kutawazwa kwa Napoleon kuwa Kaisari mwaka 1804, na kuendelea. Nimeamua safari hii kuisomesha kwa kupitia mahali pamoja tu, tukitazama yaliyopita hapo karne baada ya karne, na mahali nilipopachagua ni msitu wa Fontainebleau, ulioko takriban kilomita 60 kusini-mashariki ya Paris. Nimechagua msitu badala ya kasri au uwanja wa mji kwa sababu wengi wa wanafunzi wangu wanatoka Konde, Makangale na Tondooni. Wamekulia pembezoni mwa msitu wa Ngezi wa hapa Pemba, na wanajua maana ya msitu kuwa na mwenyewe, kuwa na mlinzi, na kuwa na watu wanaouhitaji kwa kuni na dawa.

Niliyokwisha kuyakusanya ni haya. Msitu wa serikali pale una kiasi cha hekta 17,000, na miti yake mikuu ni mialoni na misonobari iliyoota juu ya mchanga na majabali makubwa. Wafalme walikuwa na makao ya kuwindia hapo tangu karne ya 12: ipo hati ya Louis wa 7 ya mwaka 1137 iliyotolewa hapo, na mwaka 1169 kanisa dogo la makao hayo lilizinduliwa na Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Ufaransa. Philippe wa 4 alizaliwa hapo mwaka 1268 na akafia hapo mwaka 1314. François wa 1 alianza mwaka 1528 kuyageuza makao yale kuwa kasri kubwa, na Louis wa 13 alizaliwa humo mwaka 1601. Hapo ndipo Louis wa 14 alipotia saini, mwezi wa Oktoba 1685, amri iliyowanyang'anya Waprotestanti uhuru wa ibada. Hapo Papa Pius wa 7 alizuiliwa na Napoleon kuanzia 1812 hadi 1814, na hapo hapo Napoleon mwenyewe alijiuzulu mwezi wa Aprili 1814, akawaaga askari wake wa ulinzi tarehe 20 katika ua wa kasri.

Yote hayo, hata hivyo, ni habari za kasri, na msitu umekaa nyuma yake kama pazia. Swali langu lina sehemu mbili zinazofungamana. Ufaransa ina misitu mingi, na ule wa Orléans ni mkubwa zaidi. Imekuwaje huu wa Fontainebleau ukahesabiwa kuwa sehemu ya historia ya taifa, na si ya wafalme peke yao? Na je, umesalimika mpaka leo kwa sababu wafalme waliulinda, au kwa sababu wananchi waliutaka? Nimesoma maelezo yanayoupa ufalme sifa yote, na mengine yanayoanza na wachoraji wa karne ya 19 kana kwamba kabla yao hapakuwa na mtu. Nitashukuru kwa mchango wa kila mwenye ilimu ya jambo hili.

Binti wa Shangani

Wa alaykum salaam, Maalim wangu.

Nilisoma Paris, na treni ya kutoka kituo cha Gare de Lyon hadi Fontainebleau haichukui hata saa moja, kwa hivyo msitu huo nimeutembea kwa miguu na nimeupenda. Jibu langu ni kwamba wafalme waliumiliki, lakini waliougeuza kuwa wa taifa ni wachoraji na watembezi, na kazi hiyo ilifanyika katika karne ya 19.

Kabla ya 1789 msitu ule ulikuwa ni uwanja wa mfalme uliofungwa dhidi ya raia wake. Uwindaji ulikuwa ni haki ya mfalme na mabwana wakubwa tu. Kulungu na nguruwe mwitu walitoka msituni usiku wakala mazao ya wakulima wa vijiji vya jirani, na mkulima aliyemuua mnyama wa mfalme ndani ya shamba lake mwenyewe alikuwa mhalifu mbele ya sheria. Ukitaka kuwaonesha wanafunzi kwa nini usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 ulikuwa mkubwa, waanzishe hapo: miongoni mwa mambo yaliyofutwa usiku ule ilikuwemo haki ya pekee ya mabwana kuwinda. Mwaka uliofuata Bunge la Katiba likapitisha sheria iliyosema kwamba mali za taji ni mali za taifa, na misitu ya mfalme ikiwemo.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba mabadiliko hayo yalirudi nyuma. Chini ya Napoleon, kisha chini ya wafalme waliorejeshwa, kisha chini ya Napoleon wa 3, msitu uliwekwa tena katika mali zilizotengwa kwa matumizi ya mtawala. Kwa jina ulikuwa wa taifa. Kwa matumizi ulikuwa wa kasri. Ndiyo maana nasema sheria peke yake haikutosha kuwapa Wafaransa msitu wao.

Sasa tuje kwa wachoraji. Camille Corot alikuwa akija kuchora humo tangu miaka ya 1820. Théodore Rousseau alihamia kijiji cha Barbizon, ukingoni mwa msitu, mwishoni mwa miaka ya 1840, na Jean-François Millet akamfuata mwaka 1849. Mpaka wakati wao, mchoraji wa Kifaransa aliyetaka kuheshimiwa alikwenda Italia, na miti aliyoichora ilikuwa ni mapambo ya nyuma ya hadithi za Wagiriki na Warumi. Watu hawa waliuchukua mwaloni wa Ufaransa, uliosimama katika udongo wa Ufaransa, pamoja na ng'ombe wanaokunywa maji dimbwini, wakaufanya ndio habari yenyewe ya picha. Mtu wa Paris ambaye hajawahi kulima wala kuwinda alisimama mbele ya picha ile akaona kwamba hii ni nchi yake, na kwamba haimhitaji mfalme ili iwe na fahari. Kwangu mimi hapo ndipo msitu ulipoingia katika historia ya taifa.

Wala hawakuishia kwenye kuchora. Mwaka 1852 Rousseau alimpelekea Napoleon wa 3 ombi la kuzuia miti mikongwe isikatwe. Mwaka uliofuata zaidi ya hekta 600 ziliachwa bila ya kukatwa, na tarehe 13 Agosti 1861 ikatoka amri rasmi iliyotenga hekta 1,097 kwa sababu ya uzuri wake na thamani yake kwa sanaa. Wanafunzi wako huenda wamesikia kwamba hifadhi ya Yellowstone ya Marekani ndiyo ya mwanzo duniani. Hiyo ilianzishwa mwaka 1872. Hekta zile za Fontainebleau zilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, na zilitengwa kwa hoja ambayo serikali za wakati ule hazikuwa zimezoea kuisikia, ya kwamba mti unaweza kuwa na thamani zaidi ukiwa umesimama kuliko ukiwa mbao.

Yuko na mtu mwengine ambaye hasomeshwi, na anastahili kusomeshwa. Claude-François Denecourt alikuwa askari wa zamani wa Napoleon. Tangu mwaka 1842 alianza, kwa fedha zake na kwa mikono yake, kufungua njia za miguu ndani ya msitu na kuzitia alama za rangi ya buluu juu ya mawe na miti, ili mtu wa kawaida aweze kutembea bila ya kupotea. Reli kutoka Paris ilipofika mwaka 1849, karani na fundi cherehani waliweza kutoka mjini asubuhi ya Jumapili, wakafuata alama za Denecourt mchana kutwa, na kurudi nyumbani jioni. Mwaka 1872, baada ya Ufaransa kushindwa vitani na Wajerumani, mwandishi George Sand aliandika gazetini kuutetea msitu usikatwe, na wakati huo wasomaji wake walikuwa tayari wanaujua kwa macho yao.

Mzee wa Konde

Maalim, Allah akuzidishie kwa jitihada yako. Nimefanya kazi ya misitu umri wangu wote mpaka nikastaafu, na nina machache ya kuongeza, mengine kwa kutofautiana na binti yangu wa Shangani, ambaye ameeleza vizuri sana.

Kabla ya mfalme na kabla ya mchoraji kulikuwa na ardhi, na historia ya msitu wowote ianzie chini. Mchanga wa Fontainebleau uliachwa na bahari ya kale iliyofunika eneo lile zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Ni mchanga safi mno, kiasi kwamba umetumika kwa muda mrefu kutengenezea kioo, na juu yake kuna tabaka la mawe magumu ambayo kwa karne nyingi yalichongwa na kupelekwa Paris kutandikwa barabarani. Mkulima akipanda ngano katika mchanga ule havuni kitu cha maana. Sehemu nyingi za Ufaransa zenye udongo mzuri zilikwisha kufyekwa zamani kwa ajili ya mashamba, na msitu ukabaki pale ambapo jembe lilikuwa halina faida. Mfalme aliufanya uwanja wa kuwindia kwa sababu ulikuwepo, na ulikuwepo kwa sababu ardhi yake ni maskini.

Wanafunzi wako wataielewa hoja hii upesi wakitazama kwao. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambako miche yake ilifikishwa mwaka 1770 kwa juhudi za Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa wa Mauritius. Ukaenea hapa Pemba, hasa baada ya tufani kubwa ya mwaka 1872 kuibwaga mikarafuu ya Unguja, na misitu yetu ya kwenye udongo mzito ikafyekwa kuupisha. Ngezi, yenye kiasi cha hekta 1,440, imebaki huku kaskazini-magharibi ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya mchanga usioupendeza mkarafuu. Wapelekeni watoto waushike mchanga wenyewe.

Jambo la pili ni usimamizi. Binti yangu ameanza na wachoraji, lakini ule mwaloni wa miaka mia kadhaa ambao Rousseau aliukuta ulikuwa na historia ya ofisi nyuma yake. Wakaguzi wa Louis wa 14 walipoupima msitu huo mwaka 1664, chini ya waziri Jean-Baptiste Colbert, walikuta sehemu kubwa yake ikiwa wazi, miti imekatwa hovyo na mifugo inakula machipukizi. Colbert alitaka mbao za merikebu za vita, na mti wa merikebu hauoti kwa miaka kumi. Mwaka 1669 ikatoka sheria kuu ya maji na misitu iliyoweka mipaka, ramani, zamu za kukata na adhabu, na sheria hiyo ikatumika Ufaransa nzima kwa zaidi ya karne moja na nusu. Hawakuwa wakifikiria uzuri hata kidogo. Lakini mwenye kupanga msitu kwa ajili ya mjukuu wa mjukuu wake amefanya kazi ya taifa, hata kama yeye mwenyewe aliiita kazi ya mfalme, na kwa hili mimi siwezi kumnyima Colbert haki yake.

La tatu, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi. Misonobari ya mwanzo ilipandwa Fontainebleau mwaka 1786, na baada ya 1830 ikapandwa kwa maelfu ya hekta katika zile sehemu zilizokuwa tupu. Wachoraji waliichukia misonobari hiyo kwa moyo wao wote kwa kuwa iliwafunikia majabali na kuwaharibia mandhari waliyoizoea. Mimi, kama mtu wa misitu, naona waliopanda walikuwa na hoja: mchanga mtupu ulihitaji mti unaostahamili, na msonobari ulistahamili. Baridi kali ya mwaka 1879 kuingia 1880 iliua aina moja ya misonobari iliyotoka pwani, ile ya asili ya kaskazini ikasimama, na leo misonobari ni sehemu kubwa ya sura ya msitu ule. Watalii wanaopiga picha hawajui kwamba iliwahi kuwa ugomvi.

Mkaazi wa Mkoani

Assalaam alaykum. Maalim, naafiki uchaguzi wako, lakini naomba usiwaache wanafunzi wakidhani kwamba Fontainebleau ndio msitu pekee uliobeba historia ya Wafaransa. Upo msitu wa Compiègne, kaskazini ya Paris, wenye zaidi ya hekta 14,000, nao pia ulikuwa wa kuwindia wafalme. Mbele ya mji wa Compiègne ndipo Jeanne d'Arc alipotekwa mwezi wa Mei 1430. Ila uzito wake hasa uko katika karne ya 20.

Alfajiri ya tarehe 11 Novemba 1918, katika uwazi mmoja ndani ya msitu huo, karibu na kijiji cha Rethondes, wajumbe wa Ujerumani wakiongozwa na Matthias Erzberger walitia saini mkataba wa kusimamisha Vita Vikuu vya Kwanza mbele ya Marshal Foch, mkuu wa majeshi ya Ufaransa na washirika wake, ndani ya behewa la treni lililogeuzwa ofisi. Ilikuwa kiasi cha saa kumi na moja alfajiri, na mizinga ikanyamaza saa tano asubuhi siku ile ile. Walichagua msitu kwa sababu ulikuwa na njia za reli, ulikuwa mbali na macho ya watu, na haukuwa mbali na makao ya jeshi la Foch. Wafaransa wakapafanya mahali pale kuwa pa kumbukumbu ya taifa. Miaka 22 baadaye, mwezi wa Juni 1940, Hitler aliyashinda majeshi ya Ufaransa, akaamuru behewa lile lile lirejeshwe pale pale, na Wafaransa wakatia saini kushindwa kwao tarehe 22. Kisha akaamuru mahali pote pabomolewe na behewa lipelekwe Berlin, akaiacha sanamu ya Foch peke yake ili itazame ardhi tupu. Behewa la asili liliteketea Ujerumani mwaka 1945. Lile wanalooneshwa wageni leo liliwekwa mwaka 1950, nalo ni la aina ile ile.

Na si hilo tu. Katika kambi ya Royallieu, mjini hapo hapo Compiègne, Wajerumani waliwafunga makumi ya maelfu ya watu baina ya 1941 na 1944 kabla ya kuwasafirisha kwenye kambi za mateso na mauaji. Treni ya mwanzo iliyowachukua Mayahudi kutoka Ufaransa kuwapeleka Auschwitz, tarehe 27 Machi 1942, ilichukua watu kutoka kambi ya Drancy, karibu na Paris, na kutoka Compiègne. Kwa maoni yangu Fontainebleau inasimulia namna taifa lilivyojipatia ardhi yake, na Compiègne inasimulia namna taifa hilo lilivyoshinda na lilivyodhalilishwa, mahali pamoja, ndani ya umri wa mtu mmoja. Ukipata kipindi kimoja tu cha ziada, kitumie hapo.

Maalim wa Wete

Nawashukuru sana, Mzee wangu, Binti wa Shangani na jirani yangu wa Mkoani. Compiègne nitaipa kipindi chake.

Lipo suala moja ambalo najua wanafunzi wangu wataniuliza kabla sijamaliza kuandika ubaoni, kwa sababu ndilo wanaloliishi. Tumemtaja mfalme, waziri, mchoraji na mtembezi wa Jumapili. Yule mwanamke wa Barbizon aliyekuwa akipika kwa kuni za msitu ule yuko wapi katika habari hii? Msitu ulipowekwa alama za buluu na hekta 1,097 zikatengwa kwa ajili ya sanaa, yeye alipata nini, na alipoteza nini?

Mzee wa Konde

Maalim, hilo ndilo suala lenyewe, na nasikitika kwamba huulizwa mwisho kila mara.

Watu wa vijiji vya misituni Ufaransa walikuwa na haki za mazoea zilizokuwa za tangu enzi na enzi: kuokota kuni kavu, kulisha ng'ombe wakati fulani wa mwaka, kupeleka nguruwe wao kula matunda ya mwaloni yaliyoanguka. Haki hizi hazikuwa hisani. Zilikuwa ndizo tofauti baina ya nyumba yenye moto na nyumba isiyo na moto wakati wa baridi, na baridi ya kule si ya mchezo. Sheria ya Colbert ya 1669 ilizibana, na sheria mpya ya misitu ya mwaka 1827 ikazibana zaidi, ikawapa walinzi nguvu na mahakama kazi nyingi. Mapinduzi yalikuwa yamesema msitu ni wa taifa, na mwanakijiji akagundua kwamba taifa lina walinzi wakali kama wa mfalme, na pengine kuwazidi.

Matokeo yake yalionekana wazi katika milima ya Ariège, kusini kabisa ya nchi, baina ya mwaka 1829 na 1832. Wanaume wa vijijini walivaa mashati meupe marefu mfano wa mavazi ya kike, wakajipaka masizi usoni ili wasitambulike, wakawafukuza walinzi wa misitu na wachoma makaa usiku kwa usiku. Serikali ililazimika kulegeza baadhi ya masharti. Fontainebleau haikuwa na vita kama hivyo, lakini sheria iliyotawala ilikuwa moja, na wanafunzi wako wanapaswa kuziona sehemu mbili hizi pamoja: miaka ile ile ambayo Corot alikuwa akitafuta mwanga mzuri chini ya mialoni, kulikuwa na Wafaransa wengine waliokuwa wakipigania haki ya kuingia msituni na shoka.

Wako pia wachonga mawe. Ile biashara ya mawe ya Paris niliyoitaja iliwalisha watu wengi wa eneo lile, na wachoraji walilalamikia machimbo kama walivyolalamikia misonobari. Mwaka 1907 uchimbaji ndani ya msitu wa serikali ulikomeshwa. Kwa msitu ilikuwa heri, na sitasema vinginevyo, lakini kila hifadhi ina watu waliolipa gharama yake, na majina yao hayaandikwi kwenye vibao.

Hapa kwetu tulikuwa na bahati ya kuyaona hayo kabla hatujafika mbali. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliruhusu jamii za vijiji kuingia mikataba na serikali ya kusimamia misitu yao wenyewe, na Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, sehemu ya mapato ya watalii hurudi vijijini. Sisemi kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Mahitaji ya kuni na makaa bado ni makubwa kuliko miti tuliyonayo. Nasema kwamba mwanakijiji alitajwa ndani ya sheria, jambo ambalo yule mwanamke wa Barbizon hakulipata.

Binti wa Shangani

Mzee wangu, nakubaliana nawe kuhusu wanakijiji, na naongeza kwamba yule mwanamke hakusahauliwa na wote. Millet alikuwa mtoto wa mkulima, na alipokaa Barbizon hakuyachora majabali wala mialoni mikongwe kama rafiki yake Rousseau, aliwachora watu. Picha yake ya mwaka 1857 inaonesha wanawake watatu wameinama wakiokota masuke yaliyobaki shambani baada ya mavuno, na hiyo nayo ilikuwa haki ya mazoea ya maskini, ndugu wa ile ya kuokota kuni. Ilipooneshwa Paris iliwaudhi wenye nacho, walioona ndani yake kitisho cha mapinduzi mengine, kwa kuwa yale ya 1848 yalikuwa bado mabichi akilini mwao. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Orsay. Maalim, ichapishe kwa ukubwa uwezao uibandike ukutani, kisha waulize wanafunzi kwa nini wanawake watatu walioinama wamtie mtu hofu.

Kuhusu wachoraji bado nashikilia msimamo wangu, na sababu yangu ni ya baadaye kidogo. Mwezi wa Oktoba 1948, vita vikiwa vimekwisha na sehemu kubwa ya Ulaya ikiwa bado ni magofu, wajumbe wa serikali 18 pamoja na wa jumuiya nyingi za uhifadhi walikutana katika kasri la Fontainebleau, na tarehe 5 wakaunda umoja wa kimataifa wa kulinda maumbile, ambao leo tunaujua kwa jina la IUCN. Ndio umoja unaotoa ile orodha ya viumbe walio hatarini, ambamo wamo kima punju wetu wa Unguja na popo wa Pemba anayelala katika miti ya Ngezi. Umoja ule uliundwa ukingoni mwa msitu ambao tayari ulikuwa na hekta zilizotengwa tangu 1861 kwa sababu mchoraji mmoja aliandika ombi na akasikilizwa.

Kwa kazi ya darasani, ningependekeza wagawe wanafunzi makundi mawili. Kundi moja liandike ombi la Rousseau kwa Napoleon wa 3, mwaka 1852, la kutaka mialoni isikatwe. Kundi la pili liandike ombi la wanawake wa Barbizon kwa mtawala huyo huyo, mwaka huo huo, kuhusu kuni. Kisha mtu mmoja akae kiti cha Kaisari, asome yote mawili kwa sauti, na aamue mbele ya wenzake hekta zipi zifungwe na nani aruhusiwe kuingia.